Vitambaa Vyekundu vya Mfamasia

Mfamasia alikuwa ananusa kila kitu. Ukimpa chupa ananusa, ukimpa kidonge ananusa, hata barua ikitoka Dar ananusa bahasha kwanza ndio anafungua. Siku yangu ya kwanza kazini pale hospitali ya Sumbawanga, nimemaliza kidato cha nne majuzi tu, nimevaa gauni aliloshona mama, nikapiga goti kidogo nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akavuta hewa kwa pua, akasema, "Binti, umejipaka mafuta yaliyochacha. Usiguse vidonge vyangu mpaka unawe, mpaka kwenye viwiko." Nikaenda kunawa huku machozi yananitoka. Nilimchukia kuanzia pale. Chuki yenyewe imeondoka na kurudi mara nyingi.

Alizaliwa wapi na baba yake nani, sijui na sitaki kujua. Ametoka upande wa Mbeya, lafudhi yake ilimtangaza. Mengine hakusema. Hospitali nzima tulimwita Mfamasia, na hata mke wake akimletea chakula alikuwa anauliza pale dirishani, "Mfamasia yupo?" kama anaulizia mtu wa watu wengine.

Mimi kazi yangu ilikuwa kufunga vidonge kwenye vikaratasi na kuvitoa dirishani. Yeye alisimama nyuma yangu. Mgonjwa akiomba kuongezewa, Mfamasia alikuwa na jibu moja, miaka yote lile lile. Mzee mmoja alimwambia, "Niongezee basi, mwanangu, mimi natoka mbali." Mfamasia akasema, "Mzee wangu, dawa ni sumu yenye adabu. Ukiizidisha inakosa adabu."

"Na wewe ulizidishwa na nani?" mzee akauliza. Foleni nzima ikacheka. Mfamasia naye akacheka, lakini kidonge hakuongeza.

Utani aliupenda, ila wa kwake ulikuwa na mwiba. Alikuwa ananiambia, "Nyie Wafipa mji mkauita Sumbawanga, yaani Tupa Uchawi, sasa mbona kila nikigeuza godoro la mgonjwa nakuta hirizi? Mnatupa wapi?" Nikamjibu siku moja nimechoka, "Tunatupa Mbeya." Akacheka mpaka akavua miwani. Kuanzia siku hiyo alianza kunifundisha kazi kweli kweli, kusoma mizani, kujua dawa iliyoharibika kwa rangi na harufu. Nikimwambia, "Nadhani hii imeharibika," anafunga macho kama ameumwa jino. "Usiniambie unavyodhani. Niambie ulichoona."

Nikitaka mtu amwelewe, namsimulia safari ya Mtowisa. Tulishuka bondeni na gari la hospitali, tumebeba chanjo za watoto kwenye sanduku la barafu. Ile barabara unaijua, mawe na vumbi. Gari likaharibika katikati, tukakaa juani mpaka dereva alipolifufua. Tulipofika Mtowisa akina mama wamejaa, wengine wametembea tangu alfajiri na watoto mgongoni, jasho linawatiririka. Mfamasia akafungua sanduku. Barafu yote maji. Akashika chupa moja, akaiweka shavuni. Halafu akasema, "Hizi zimekufa."

Muuguzi tuliyekwenda naye akamnong'oneza, "Wachome tu, nani atajua? Wakirudi bure hawatakuja tena." Mfamasia alitoka nje, akasimama mbele ya wale akina mama wote, akazivunja chupa moja moja akimwaga mchangani. Walimzomea. Mama mmoja alimtupia ndala ikampata kifuani. Akasema, "Bora mnipige ndala leo kuliko mnililie mwakani." Akaiokota ile ndala akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

Nilijivunia kuwa naye siku hiyo. Ningejua ujasiri wake unaishia wapi nisingejivunia hivyo.

Nyuma ya mlango wa chumba cha dawa kulikuwa na msumari, na kwenye msumari imening'inia tai. Tai ya bluu, imekunjuliwa vizuri, haijavaliwa. Zama zile mtu akivaa tai watu wanamtazama kama amemeza mkoloni. Wakubwa wote walivaa zile suti za mikono mifupi. Nilimuuliza, "Baba, hii tai ya nani?"

"Ya kwangu. Ya siku nitakayoitwa chuoni."

"Si ulishasoma?"

"Nilisoma kutoa dawa. Sijasoma kutafuta dawa."

Ndivyo nilivyojua kiu yake. Alikuwa anataka digrii ya pili, ile ya utafiti, ambayo hukai darasani kusikiliza. Unapeleka swali lako mwenyewe, unalijibu mwenyewe, halafu maprofesa wanakukalia kooni mpaka wakubali. Aliniambia mfamasia wa kutoa vidonge vilivyotengenezwa na watu wengine ni karani tu, hata kama ana koti jeupe. "Tunaimba kujitegemea," alisema, "lakini meli ya dawa ikichelewa bandarini mtoto wa Sumbawanga anakufa na homa. Kujitegemea gani huko?" Alisema kwa sauti ya chini na dirisha limefungwa. Maneno makubwa siku zote aliyasema dirisha likiwa limefungwa. Hilo nililiona mapema ila sikulitilia maanani.

Swali lake lilitoka wodini. Alikuwapo mgonjwa wa donda ndugu, mguu umeoza, amelala muda mrefu, dawa zote amepakwa. Ghafla donda likaanza kukauka. Mfamasia akapita kunusa kama kawaida yake, akakuta chini ya blanketi chupa ya maji meusi, machungu. Wengine wangeitupa. Yeye alikaa kitandani kwa mgonjwa akambembeleza mpaka akasema: ni mzizi wa Bibi fulani, kijiji fulani njia ya Mwazye.

Kile kijiji ni kwetu. Bibi mwenyewe alikuwa jirani ya mama yangu, shamba lake limepakana na letu. Kwa hiyo mimi ndiye nikawa mdomo wa Mfamasia, maana Kifipa hakukijua na Bibi Kiswahili alikisikia lakini alikataa kukiongea. Alisema Kiswahili ni lugha ya kodi.

Bibi huyu alikuwa mdogo wa mwili, mkali, anavuta kiko. Nyumba yake ilikuwa juu kwenye mteremko mkavu, karibu na kijito, na alikuwa anaipenda kuliko watu. Mara ya kwanza alimzungusha Mfamasia siku nzima. Alimpa jembe, akamlimisha vile vichuguu vyetu vya kufukia majani yaoze yawe mbolea, jua mpaka jioni, koti jeupe limekuwa la udongo. Halafu akaniambia, "Mwambie ananusa sana, lakini jembe analijua. Kesho nitamwonyesha."

Kesho yake alimwonyesha. Kichaka chenyewe hakina sura, majani madogo yenye manyoya, kinaota popote kinapotaka pale uwandani. Bibi akasema, "Mwambie mzizi wa masika ni maji matupu. Unaokausha donda ni ule unaochimbwa nyasi zikishaungua, mvua haijanyesha."

Mfamasia akasisimka kama mtoto. "Muulize ameonaje."

Bibi akatoa kiko mdomoni. "Nimeona miguu ya watu. Yeye ataona nini kingine?"

Hilo ndilo likawa swali la digrii. Alimwandikia profesa kule Dar, profesa akajibu kwamba swali ni zuri, nafasi ipo, ila kwa sharti. Mizizi ya majira yote mawili itoke kwenye vichaka vile vile, siyo hiki masika na kile kiangazi. Kichaka na kichaka vinaweza kutofautiana kama ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo masika ile tulirudi, Bibi akatuchagulia vichaka kumi na viwili. Kila kimoja tulikata kipande cha mzizi pembeni ili kisife, na ili tukitambue tukirudi kiangazi, Mfamasia akakifunga kitambaa chekundu kimeandikwa namba kwa wino. Vitambaa alivichana mwenyewe kutoka pazia kuukuu la wodi. Bibi alicheka. "Umevivika shanga. Haya, nitakulindia wachumba wako."

Na aliwalinda. Mbuzi wakisogea anawafukuza kwa mawe.

Sasa nisimulie woga wake, maana bila woga huu picha yake ni ya uongo.

Ili aende chuoni alihitaji ruhusa ya masomo, na ruhusa lazima ipite kwa mkubwa mmoja wa serikali pale mkoani. Nitamwita Mkubwa tu. Karatasi ilikaa mezani kwake miezi. Mfamasia akikutana naye njiani alikuwa anabadilika mpaka unamwonea aibu. Mgongo unapinda, mikono inakwenda nyuma, kicheko kinatoka kabla Mkubwa hajasema la kuchekesha. Yule yule aliyevunja chupa Mtowisa. Nilimuuliza, "Baba, mbona unamwogopa hivyo?" Akasema, "Simwogopi. Naogopa kalamu yake."

Mavuno yalipokwisha ikaja Operesheni. Watu wote watoke kwenye nyumba zao za kutawanyika wakae pamoja kijijini. Tulisikia redioni, tukadhani kwetu kutachelewa. Mimi na Mfamasia tulikwenda siku hiyo kuvitazama vichaka tu, nyasi hazijachomwa bado. Tulipofika uwandani tukakuta gari la serikali, mgambo, na watu wa kijiji wote wamekusanywa. Mkubwa mwenyewe amesimama kwenye ngazi ya gari.

"Ndugu wananchi!" alikuwa anasema. "Msidhani serikali yenu inabahatisha. Wataalamu walishapita hapa kabla yetu. Hamkuona vile vitambaa? Vyekundu, vina namba! Kila kaya na namba yake. Kila mmoja asimame kwenye kitambaa atakachopewa, ajenge hapo."

Watu wote waligeuka kututazama. Walituona masika tukifunga vile vitambaa, mimi na yeye, mchana kweupe. Mama yangu alikuwa mbele. Alinitazama akasema polepole, "Kumbe ndiyo kazi unayofanya huko mjini?"

Nikamvuta Mfamasia koti. "Waambie! Sema ni vichaka vyako!"

"Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ruhusa yangu iko mezani kwake," akasema bila kufungua meno.

Mimi sikuweza kungoja. Nikapiga kelele, "Hizo siyo alama za nyumba! Ni za dawa! Ni utafiti wa hospitali!"

Mkubwa akacheka. "Dawa gani inavaa kitambaa, binti?" Halafu akamwona Mfamasia nyuma yangu. "Ah, Ndugu Mfamasia, kumbe nawe upo! Hebu tusaidie. Anasema kweli huyu?"

Bibi alikuwa pale amesimama na kiko chake kimezimika, anamtazama tu. Kiswahili alikisikia vizuri, nimeshasema.

Mfamasia akachekacheka kile kicheko chake cha njiani. "Ni mambo madogo ya utafiti tu, Ndugu. Hayana uzito."

"Nilijua," Mkubwa akasema. "Basi tusipoteze wakati."

Hayana uzito. Mtu anayejua kupima unga wa dawa kwenye mizani ndogo mpaka mshale wake usitikisike, ndiye aliyesema hayo. Akina mama wasio na chochote isipokuwa ndala aliweza kuwakatalia. Huyu mwenye kalamu hakuweza. Nimelifikiria sana neno hili na kila nikilifikiria naudhika upya.

Wiki ile mapaa ya nyumba za zamani yalishushwa ili watu wasirudi. Uwanda ukasafishwa kwa majembe na mapanga. Kichaka kikikatwa, kitambaa kinachukuliwa, kinafungwa kwenye kijiti pale pale, nyumba inajengwa hapo, na waliokosa namba wanajibanza katikati. Ndiyo maana kijiji chetu ni kichekesho cha mkoa mzima. Vijiji vingine vya Operesheni vimenyooka kama mstari wa daftari. Chetu kimepinda kama mlevi. Mgeni akiuliza kwa nini nyumba ya mzee yule imetazama mgongo wa nyumba ya jirani, na ile nyingine iko peke yake mbali, hakuna wa kumjibu. Jibu ni kwamba kichaka kiliota hapo. Mama yangu anakaa namba tano. Bibi alipewa namba saba, bondeni, kwenye njia ya maji. Masika maji yanaingia mlangoni na kutokea nyuma.

Tangu siku hiyo nikija nyumbani watu walinyamaza nikipita. Mtu aliye na donda alilificha nisilione. Mama alinipikia, akaniwekea ugali wa ulezi mbele yangu, akaenda kula jikoni.

Ruhusa ilikuja. Ilitoka mezani kwa Mkubwa siku chache tu baadaye, imepigwa muhuri vizuri. Mfamasia aliinusa bahasha, akaisoma, akaikunja. Alikuwa na mizizi ya masika. Ya kiangazi ilikuwa chini ya nyumba za watu. Alimwandikia profesa ukweli wote. Profesa akamjibu kwa huruma kwamba vichaka vya aina ile haviwezi kukosekana, achimbe vingine vya jirani, aandike namba zile zile, amalize.

Nilimwambia, "Andika, baba. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Nikapandwa na hasira, adabu zote zikaniruka. "Karatasi huwezi kuidanganya, lakini watu unaweza? Bibi ulimwambia hana uzito!"

"Sikusema Bibi hana uzito. Nilisema..."

"Nilikuwepo! Usiniambie ulivyodhani, niambie ulichosema!"

Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akarudi kwenye mizani. Vichaka vingine hakuchimba, wala hakuandika. Nafasi yake ya chuo alipewa mwingine. Sina la kusema juu ya huyo mwingine, labda naye alistahili. Mimi nilikuwa nataka digrii ile kuliko mwenyewe, nadhani. Nilitaka angalau kitu kimoja kitoke kwenye ule uharibifu, watu waseme nyumba zetu zilishushwa lakini dawa ilipatikana. Hata hicho hatukukipata.

Miaka ikapita, nikaenda kusomea kazi yenyewe, nikarudi Sumbawanga nina cheti. Nikamkuta pale pale. Makabati matupu. Ule ulikuwa wakati wa kukosa kila kitu, sabuni, chumvi, na dirisha letu likawa la kuwaambia watu poleni. Klorokwini hakuna, aspirini tunagawa kama sadaka. Mlango wa friji ulikuwa umevunjika bawaba, na ameufunga kwa tai ya bluu. Nilisimama nikaitazama ile tai. Akaniona.

"Inashika vizuri," alisema.

Mwezi huo huo akaniambia, "Nataka kwenda kumsalimia Bibi. Nipeleke." Nilishangaa, tangu Operesheni hakukanyaga kule. Nikafikiri uzee unamjia, anataka kuomba radhi kabla hajastaafu. Nikafurahi hata. Ningekuwa mwerevu ningejiuliza kwa nini amechagua majira yale. Nyasi zilikuwa zimeungua juzi tu, uwanda wote mweusi, mvua haijanyesha.

Tulishuka kwenye basi tukatembea. Kwenye kijiji akaanza kupunguza mwendo. Alikuwa anazitazama nyumba moja moja, midomo inachezacheza. Nilimsogelea nikasikia anasema, "Namba tatu. Majani yake yalikuwa mapana kidogo. Namba nne, ilikuwa na wadudu." Alipofika kwa mama akasema, "Tano. Ilikuwa nzuri sana hii." Mama alikuwa uani anapepeta ulezi. Alituona, akaingia ndani.

Bibi tulimkuta amekaa mlangoni. Amepungua, goti limevimba amelifunga kanga. Nikapiga goti, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia. Mfamasia naye akainama, mtu mzima na mvi zake, "Shikamoo, Bibi." Hakuitikia. Akaongea Kiswahili, kizuri kabisa, nilikuwa sijawahi kumsikia.

"Umeniletea vidonge vya goti?"

"Hatuna, Bibi. Dawa zimekatika nchi nzima."

Bibi akatikisa kichwa. Alicheka kidogo, meno hayapo. "Mzizi wangu mmeng'oa. Vidonge vyenu vimekwisha. Basi tuugue kwa adabu."

Sijui alilipata wapi lile neno la Mfamasia. Labda mimi ndiye niliyemtafsiria zamani, wakati tunalima. Mfamasia alilipokea kama ile ndala, ila safari hii hakuwa na cha kumrudishia.

"Bibi, nimekuja kukuomba radhi," akasema.

"Ingieni ndani, jua kali."

Tukaingia. Sakafu ya udongo imepasuka njia nzima, mstari wa maji ya masika unaonekana ukutani. Na kwenye pembe, karibu na mafiga, kumechomoza chipukizi. Majani madogo, yenye manyoya. Nikalijua kabla yake? Hapana, yeye alishalinusa tangu mlangoni.

"Hicho kinanisumbua," Bibi akasema. "Mmekikata juu, chini kipo. Kila kiangazi wenzake wakiungua huko nje, chenyewe kinatoka humu. Nakivunja, kinarudi. Kinanipasulia nyumba."

"Namba saba," akasema Mfamasia kwa sauti ya kanisani.

Kile kile kichaka. Mzizi wa masika ya miaka ile alikuwa nao bado, najua kwa sababu ulikuwa kwenye kabati, ndiyo kitu pekee kilichokuwa kwenye kabati. Na huu hapa wa kiangazi, nyasi zimeungua, mvua haijanyesha, kama Bibi alivyosema. Nikamtazama Mfamasia, nikaona kwenye mfuko wa koti lake umechungulia mfuko wa khaki, ule wa kuwekea mizizi, umekunjwa upya. Ndipo nikaelewa majira. Radhi ilikuwa ya kweli, siwezi kusema haikuwa. Ila haikuja peke yake.

"Bibi," alisema. "Naomba nichimbe. Kipande tu."

Nilitaka ardhi inimeze. Bibi hakushtuka. Alijikokota mpaka ukutani, akachukua jembe, lile lile la zamani mpini umebadilishwa, akampa.

"Chimba," alisema. "Alama si uliweka mwenyewe?"

Mfamasia alishika jembe. Ukuta ule ulikuwa umekaa juu ya ule mzizi, hata mtoto angeona kwamba ukichimba pembe ile unaanguka. Alipiga magoti, akaweka jembe chini, akaugusa udongo kwa vidole karibu na lile chipukizi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Halafu akainuka. Akalisimamisha jembe ukutani lilipokuwa, akasema, "Kwa heri, Bibi," akatoka.

Kituoni tulikaa juu ya mizigo ya watu kungoja basi, majivu ya nyasi yanapeperuka yanatutua kwenye nguo. Mfuko wa khaki bado ulikuwa unachungulia. Swali lilikuwa mdomoni kwangu, limejaa, limekuwa chungu: aliacha kwa sababu ya nyumba ya Bibi, au kwa sababu kichaka kimoja kati ya kumi na viwili hakitoshi digrii?

Basi likaja, tukapanda. Sikumuuliza. Ningemuuliza angeniambia ukweli.